Kope za Yai

Miguu yake haikujua kutulia. Hata alipokaa kwenye kile kiti kirefu cha maabara, macho kayaingiza ndani ya hadubini na mkono wa kulia umeshika penseli iliyochongwa ikawa kali kama sindano, chini ya meza miguu ilikuwa safarini. Ilipiga sakafu, ikapandana, ikavua viatu, ikavitafuta tena. Akimaliza kuchora yai moja aliinuka, akazunguka meza, akasuuza kikombe kilichokwisha kusuuzwa, akafungua dirisha, akalifunga, ndipo akarudi kwa yai la pili. Wenzake walishazoea. Mgeni ndiye aliyeuliza kama yule mama anaumwa.

Haumwi, aliambiwa. Ndivyo alivyo. Kazi yake ni ya kukaa, na Mungu kampa miguu ya mpeleka barua.

Walimwita Mama Mayai. Kila mwaka hakukosekana mtu mpya pale kituoni, dereva au karani, aliyemfuata koridoni na kumwuliza kwa heshima zote trei moja anauza bei gani. Naye alijibu bila kucheka, "Yangu ni madogo kidogo, baba. Njoo uyaone kwanza," akampeleka mbele ya hadubini, akamwacha hapo ashangae mwenyewe.

Na yalikuwa ya kushangaza kweli. Kwa macho matupu, mayai ya kunguni wa mimea, yule mdudu mwenye mgongo wa ngao anayekuachia harufu mbaya mkononi ukimgusa, ni doa tu chini ya jani: punje ishirini, thelathini, zimebanana kama watu wa foleni wanaoogopa kupitwa. Ukiyakuza mara arobaini, kila punje inakuwa pipa. Pipa limesimama wima, limegundishwa chini, ubavuni limefumwa kwa mistari myembamba mfano wa wavu, na juu lina kifuniko cha mviringo kilichokaa barabara kama cha sufuria mpya. Kuzunguka ukingo wa kifuniko hicho vimesimama vijinywele, kimoja kimoja, kwa nafasi zilizo sawa. Ni kwa vijinywele hivyo yai hupata hewa. Mama Mayai aliviita kope.

Hakuna aliyemfundisha neno hilo. Alijipa mwenyewe, miaka ishirini na miwili nyuma, alipokuwa mfagiaji wa jengo hilohilo. Siku hiyo alikuwa akifuta vumbi mezani, mtafiti katoka kwenda kunywa chai, taa ya hadubini imeachwa inawaka. Akachungulia. Macho thelathini yalikuwa yakimtazama, yote yana kope. Alisahau ndoo yake katikati ya korido mpaka mtu akaitumbukizia mguu. Jioni alichora alichokiona nyuma ya karatasi iliyotupwa, na kesho yake akaiacha mezani kwa aibu, imekunjwa mara nne. Mtafiti, bibi mmoja mkali ambaye sasa amestaafu, alihesabu kope za kwenye mchoro, akahesabu za kwenye yai, akahesabu za kwenye kitabu chake.

"Kitabu kimekosea mbili," alisema. "Weka fagio chini."

Tangu hapo alikuwa amechora mayai ya kunguni wa kila namna, na mwaka huu michoro hiyo ilikuwa imebeba shamba zima. Nyuma ya jengo kulikuwa na mistari sita ya soya ambayo haikuguswa na dawa ya sumu kwa misimu mitatu. Ndani ya mistari hiyo waliishi kunguni wa aina mbili. Mmoja, mnyonyaji, alifyonza maganda ya soya mpaka yakakauka yangali kijani. Wa pili waliyemwita askari hakujali soya kabisa; aliwinda viwavi, na aliwinda watoto wa mnyonyaji. Wote wawili walinuka. Wote wawili walitaga mapipa chini ya jani. Rangi haikusaidia, maana mayai huanza meupe na kugeuka kadiri siku zinavyokwenda. Kilichowatenga ni ukingo wa kifuniko. Vijinywele vya mnyonyaji ni vifupi hata haviitwi vijinywele, ni kama punje za chumvi. Vya askari ni virefu, vimepinda kwa nje, na kila kimoja kina kichwa.

Basi mpango ulikuwa huu: wanawake kumi na wawili, kila mmoja na kioo chake kidogo cha kukuzia, wapite mistari yote, wageuze majani, wayaache mayai ya askari na wayakusanye ya mnyonyaji kabla hayajaanguliwa. Wakiweza, sumu haitaingia tena pale. Mama Mayai ndiye aliyewaandikia kadi ya kuning'iniza shingoni. Alitafuta maneno machache iwezekanavyo, akayasoma kwa sauti, akayapenda:

YAI LENYE KOPE, LIACHE.
YAI LISILO NA KOPE, LIKUSANYE.

Juu yake akachora yai moja la askari. Akaipeleka kadi kwa mpiga chapa, na jioni hiyohiyo akapanda basi kwenda kwa binti yake aliyekuwa anakaribia kujifungua. Alikaa huko wiki tatu.

Aliporudi, Jumatatu, hakupitia ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwenye mistari, begi bado begani, na jani la kwanza aliloligeuza lilimmwagia watoto wa mnyonyaji mkononi, wadogo, weusi, wengi kama ufuta. Akageuza la pili. Akageuza la kumi. Kisha akaenda kwa Mkuu wa kituo karibu akikimbia.

Mkuu alikuwa kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Mama Mayai ndiye aliyemfundisha kuhamisha yai kwa brashi ya nywele tatu bila kulikwaruza.

"Karibu, Mama. Mjukuu hajambo?"

"Hajambo, ana kelele kama babu yake. Mistari yangu imekuwaje?"

Mkuu akavua miwani. Alikuwa na tabia hiyo. Jambo asilotaka kulisema alilisema bila kumwona vizuri anayeambiwa.

"Umeshapita huko?"

"Nimepita."

"Basi umeona. Jumatano asubuhi tunapulizia dawa."

"Mkipulizia mnaua na askari."

"Najua."

"Misimu mitatu!"

"Najua, Mama, nilikuwepo." Akaipangusa miwani kwa shati. "Ule mpango ulisimama juu ya mikono ya wale akina mama, na mikono haikufanya kazi. Mimi sikupenda kuingilia kazi yako, nikaacha bahasha zao zikungoje. Kafungue friji."

Kulikuwa na bahasha mia moja na arobaini ndani ya friji ya maabara, zimepangwa kwa tarehe, kila moja na namba ya mstari kwa mwandiko mnene wa msimamizi wa wanawake. Mama Mayai akamwaga ya kwanza kwenye sahani ya kioo. Maganda. Mapipa matupu, vifuniko vimefunguka upande mmoja au vimeanguka kabisa, na pale ukingoni kile kipande cheusi cha pembe tatu ambacho mtoto wa kunguni hukivaa kichwani kusukumia mlango, akishatoka hukiacha hapo kama ufunguo kwenye kitasa. Ya pili, maganda. Ya tatu, maganda, ya mnyonyaji na ya askari yamechanganywa bila kujali. Alipofika bahasha ya arobaini alikuwa ameinuka kitini mara sita, na kope ya jicho lake la kulia ilikuwa imeanza kucheza, pup, pup, pup, hata hakuweza tena kuona vizuri.

Msimamizi wa wanawake aliitwa Jenerali kwa sababu ya namna alivyowapanga wenzake asubuhi, mwili wake mkubwa mbele na sauti yake ndogo isiyohitaji kupazwa. Alikuwa bombani akinawa miguu pamoja na wengine.

"Mama Mayai! Umerudi, bibi mpya! Tupe habari, wa kike?"

"Wa kiume. Jenerali, mmenifanyia nini?"

"Tumekufanyia nini tena?"

"Maganda! Bahasha mia na arobaini za maganda! Mwenye nyumba kahama, nyinyi mnaniletea nyumba?"

Jenerali akafunga bomba taratibu. Akaiinua kadi iliyoning'inia kifuani kwake, akaisogeza mpaka karibu na pua ya mwenzake.

"Soma. Umeandika mwenyewe."

"Najua nilichoandika."

"Lenye kope, liache. Tumeliacha. Lisilo na kope, likusanye. Tumekusanya mpaka vidole vimeota sugu. Sasa ulitaka nini zaidi, tuyakalie yaangue?"

Mmoja wa wanawake akacheka puani. Mama Mayai akasikia damu ikimpanda.

"Hivi nyinyi mna macho lakini?"

Kicheko kikakatika. Maji yaliyobaki yakadondoka kwenye zege, tone moja moja.

"Macho tunayo, Mama," Jenerali alisema. "Na migongo tunayo. Imeinama wiki tatu." Akachukua kandambili zake mkononi, akaondoka peku, na wengine kumi na mmoja wakamfuata bila kuambiwa.

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili, na kile cha mbele nusu yake ilikuwa ya mumewe: cherehani chini ya dirisha, meza ya kukatia, na vipande vya kitambaa vilivyokuwa na desturi ya kutembea vyenyewe mpaka chini ya viti. Fundi alikuwa akipinda pindo za sare za shule, pini nne mdomoni. Jua la jioni lilikuwa bado dirishani. Mkewe alikuwa akizunguka meza.

"Mama watoto, hiyo ni mara ya tisa," Fundi alisema kwa upande wa mdomo usio na pini. "Ukiendelea utachimba mtaro, maji ya mvua yapite humu ndani."

"Niache."

"Nimekuacha. Nakililia kitambaa changu tu, umekikanyaga."

Akainua mguu. Akamsimulia yote huku akitembea, friji, bahasha, Jumatano, bomba. Alisimulia hata kile alichowauliza kuhusu macho, ila hapo sauti yake ilishuka.

"Labda hawakuelewa," Fundi alisema.

"Nini cha kutoelewa? Maneno tisa! Mtoto wa darasa la kwanza anaelewa. Ni dharau tu, wameona sipo. Na Jumatano watapulizia, askari wangu wote watalala chali, na mimi hata kufanya kazi siwezi, kope inanicheza tangu asubuhi."

"Ya juu au ya chini?"

"Ya juu," alisema, akapiga hatua mbili zaidi, kisha akasimama.

Kwa siku nzima hiyo ndiyo mara ya kwanza miguu yake ilisimama. Fundi aliona, akaacha kukanyaga cherehani.

"Umesema nini?" mkewe aliuliza.

"Nimeuliza ya juu au ya chini. Nimekosea?"

Mkewe alikuwa amepeleka kidole kwenye jicho lake la kulia. Kilichokuwa kikicheza hapo hakikuwa unywele. Ilikuwa ngozi, ile ngozi inayoshuka na kufunga jicho. Kope ya juu. Maisha yake yote alikuwa akiita kope nywele na akiita kope ngozi, na maneno hayo mawili yalikaa kinywani mwake kama mapacha waliovaa nguo moja, hakuwahi kuwaona wamesimama pamoja. Jicho lenye kope hufunga. Yai lenye kope, basi, ni lile lililofungwa, lenye kifuniko chake. Na lisilo na kope ni lile lililobaki wazi, kifuniko kimetoka na mtoto kaenda zake.

"Mungu wangu," alisema. "Wamekusanya sawasawa kabisa."

"Nani?"

"Hawakukosea hata moja. Bahasha mia na arobaini!"

Akakimbilia begi, akaitafuta kadi yake aliyotumiwa na mpiga chapa na ambayo hakuwa ameitazama vizuri. Ili mchoro uingie kwenye kadi, mpiga chapa alikuwa ameupunguza. Vijinywele vyote vilikuwa vimemezwa na wino. Kilichobaki ni pipa na kifuniko, kifuniko kikubwa, cheusi, kimekaa juu ya neno kope kana kwamba ndicho kinachotajwa.

Aligeuka kwenda mlangoni. Fundi akatema pini kiganjani.

"Wapi?"

"Kwa Jenerali."

"Jenerali anakaa ng'ambo ya mji, na kiatu kimoja ulichovaa ni changu. Kaa. Utakwenda alfajiri, hatahama."

Alikaa. Akainuka. Akakaa tena.

Jumanne alifika shambani umande haujakauka. Wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga, na hakuna aliyemsalimu kwanza, ikabidi aanze yeye.

"Shikamooni wote."

"Leo unatushikamoo na sisi?" Jenerali alisema. "Kuna msiba?"

"Jenerali, nionyeshe kope."

"Unanitania asubuhi yote hii."

"Nionyeshe tu, dada yangu."

Jenerali akalivuta jicho lake la kulia kwa kidole gumba, akaishika ngozi ya juu kama mtu anayetaka kutolewa mchanga. Mama Mayai akawageukia wengine. Sita walishika ngozi. Watatu walishika nywele, ingawa shambani walikuwa wamefuata alivyosoma Jenerali. Mmoja alifumba macho yote mawili akasema, "Hizi hapa." Wa mwisho aliuliza kama zote si kope.

Ndipo Mama Mayai akaketi chini, kwenye udongo mbichi, na sketi yake ya kazini.

"Mimi kwa kope nilimaanisha nywele," alisema. "Nyinyi mmesoma ngozi. Hakuna aliyekosea isipokuwa aliyeandika. Na nikathubutu kuwauliza kama mna macho. Nisameheni."

Jenerali akasema, "Sasa hapo umesema. Ila rudia kwa sauti, yule wa mwisho kule ana sikio zito."

"Nimesikia!" alilalama wa mwisho. "Mwache mama wa watu, kashalowa matako!"

Wakacheka, naye akacheka, na akacheka zaidi ya kichekesho chenyewe.

"Lakini Jenerali, hukushangaa? Mtu anaagiza maganda?"

"Nilishangaa sana. Nikasema, huyu mama ana akili zake, labda anahesabu waliozaliwa. Na huyo Mkuu tulimpelekea, akasema wekeni kwenye friji. Mtu akikwambia weka kwenye friji, unajua kitu kina maana."

Walifanya kazi mpaka jua likawa juu ya kichwa. Alimchukua mmoja mmoja, akamwekea jani chini ya kioo, akaonyesha kwa ncha ya penseli. Usitazame kifuniko. Tazama ukingo wake. Geuza jani mpaka mwanga uingie kwa upande. Sasa unaona nini?

"Kama chumvi."

"Huyo mnyonyaji. Na hapa?"

Mwanamke aliyekuwa amefumba macho alikaa sana juu ya kioo, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

"Haa! Pini!" alisema. "Zina vichwa! Si pini hizi za fundi?"

Neno lilipita mistari yote sita kabla Mama Mayai hajalikubali. Pini, wakapokezana, yenye pini acha, yenye chumvi kusanya. Akatafuta kalamu nene, akafuta neno lake kwenye kadi zote kumi na mbili kwa mkono wake. Alilipenda neno lile. Kadi ya tatu mkono ulisita kidogo, kisha ukaendelea.

Mchana alisimama mbele ya meza ya Mkuu. Aliambiwa akae, hakukaa.

"Kosa ni langu," alisema, akaeleza.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Wakati mmoja alipeleka mkono kwenye jicho lake mwenyewe, na Mama Mayai aliona kuwa ameshika ngozi.

"Nimekuelewa. Lakini Mama, kosa likiwa lako au lao, wadudu ni walewale."

"Waliopo ni watoto, hawana mabawa bado, na askari wanawala. Nimeona leo, mmoja kamchoma mtoto wa mnyonyaji hapo hapo mbele yangu. Tatizo ni mayai mapya. Nipe wiki mbili wayatoe."

"Na nitajuaje kama safari hii wanajua wanachokitoa?"

"Wajaribu."

Mkuu akafikiri. "Kesho saa mbili. Nitachuma majani kumi mwenyewe. Jenerali atasema acha au kusanya, mimi nitakagua kwa hadubini. Akikosa moja, bomba za dawa zinaingia."

"Moja tu?"

"Ndivyo ulivyonifundisha. Ukikosa yai moja katika kumi, shambani umekosa mia."

Alikuwa amesema hivyo kweli, na kwa ukali.

Jumatano wapulizaji wawili walikuwa wamekwisha kuvaa, mabuti, suti za plastiki, mabomba migongoni, wamekaa kwenye ngazi za maabara wakitoka jasho. Ndani, majani kumi yalikuwa mezani kila moja kwenye sahani yake. Jenerali alikuwa ameoga na kuvaa gauni la sherehe.

"Mama, wewe nje," Mkuu alisema.

"Kwa nini?"

"Uso wako unasema majibu."

Ikabidi asimame nje, chini ya dirisha lililo wazi, na mgongo kaupa ukuta. Wanawake kumi na mmoja walikaa kwenye nyasi wakimtazama yeye, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kutazama. Alitembea hatua nne kulia, hatua nne kushoto. Alivunja kijiti. Akavunja nusu ya kijiti.

"Chumvi. Kusanya," ilisema sauti ndogo ya Jenerali ndani.

Hadubini ikazungushwa. "Ndiyo," alisema Mkuu.

"Pini. Acha."

"Ndiyo."

"Pini. Acha. Ila haya mawili ya pembeni kashayatoboa nyigu, yule mdogo anayekulia ndani ya yai, tazama tundu lilivyochanika, hakufungua kifuniko."

Hadubini ikazungushwa mara mbili. "Ndiyo," alisema Mkuu, kwa sauti nyingine.

Mama Mayai alihesabu kwa vidole. La nne. La tano. La sita lilichukua muda, akasikia jani likigeuzwa, akasikia Jenerali akiguna. Chumvi. Ndiyo. La saba, la nane. Mmoja wa wapulizaji aliuliza kama anaweza kuvua kofia japo kidogo, mwenzake akamwambia nyamaza wewe. La tisa, acha. Ndiyo.

La kumi, hakusikia kitu.

Akaacha kutembea. Akasikia kioo kikiwekwa mezani, kikichukuliwa tena. Kiti kililia. Kwenye nyasi wanawake walikuwa wameshikana mikono. Alitaka kugeuka achungulie, akabana mgongo ukutani kwa nguvu zote. Sema pini, alimwomba kimoyomoyo. Sema chumvi. Sema lolote, nusu kwa nusu ni bahati nzuri.

"Hili silijui," Jenerali alisema.

"Ni acha au kusanya?"

"Nimesema silijui, Mkuu. Si chumvi, na pini si hivi. Nikikwambia acha nakudanganya, nikikwambia kusanya nakudanganya."

Hadubini ilizungushwa, ikatulia, ikazungushwa. Muda ulipita, mpaka mmoja wa wapulizaji akasimama na kuanza kufunga mkanda wa bomba.

"Mama," Mkuu aliita. "Ingia."

Aliingia, akakaa, akaweka macho. Kulikuwa na mapipa kumi na manne. Kwenye kila ukingo vilisimama vijinywele vifupi kuliko vya askari na virefu kuliko vya mnyonyaji, vimenyooka wima, vyembamba, bila kichwa. Ubavuni hapakuwa na wavu. Palikuwa na miiba midogo sana, safu kwa safu. Alihesabu vijinywele vya pipa la kwanza, kisha la pili. Kumi na moja. Kumi na moja. Akalipitisha akilini kila yai alilolichora, miaka yote ishirini na miwili.

"La nani?" Mkuu aliuliza.

Aliyainua macho. Jibu moja lingeokoa mistari, kulitungia yai jina la kunguni mwingine ili Jenerali asihesabiwe kukosa, na Mkuu hakuwa na njia ya kumpinga.

"Silijui," alisema.

"Wewe?"

"Silijui, Mkuu. Sijawahi kuliona."

"Aa, kumbe tuko wengi," alisema Jenerali, akajifuta uso kwa pindo la gauni lake la sherehe.

Mkuu akavaa miwani yake, akawatazama wote wawili. "Na mimi silijui," alisema. "Jenerali angebahatisha, upande wowote ule, bomba zingekuwa zimeshaingia." Akasogea dirishani. "Wiki mbili, Mama. Siku ya kumi na nne nahesabu mwenyewe, na safari hiyo sitaki maneno."

Wanawake kwenye nyasi walikuwa wamesikia kabla hajamaliza. Kelele zao zilifika mpaka ghala la zana.

"Sasa mkubwa," mpulizaji mmoja aliuliza kutoka kwenye ngazi, "tuvue au tusivue? Tunaiva humu."

"Vueni."

Jenerali alikuwa bado amesimama juu ya jani la kumi. "Na hili? Acha au kusanya?"

"Hili tunalilea," Mama Mayai alisema. Akalilaza kwenye chupa ya kioo juu ya pamba yenye maji, akafunga kitambaa mdomoni, akaandika tarehe. Mahali pa jina hakuandika kitu. Kisha akatoka, na waliomfuata walimkuta ameshafika mstari wa kwanza, goti moja chini, jani la kwanza mkononi, na Jenerali nyuma yake akimwambia hapana, Mama, anzia upande wa kivuli, huko ndiko wanakopenda kutaga.